Mkazo wa Spoki na Swali la Usawa

Sisi walimu wa Kiswahili tumelizoea neno "mkazo". Tunaliandika ubaoni tunapofundisha matamshi, tukawaambia wanafunzi kwamba katika maneno mengi ya lugha yetu mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi moja hukazwa, nyingine hupumzika, na neno likasikika sawasawa. Hatukudhani kwamba neno hilohilo lingetufikisha kwa fundi wa baiskeli, wala kwamba huko tungekutana na swali la maadili ambalo hadi leo hatujalimaliza. Swali lenyewe ni hili: Je, kundi la watu likionekana linakwenda sawa, hiyo ni dalili kwamba mizigo yake imegawanywa kwa haki?

Katika makala haya tunanuia kulijadili swali hilo kwa kuiangalia kazi moja ndogo inayofanywa chini ya miti na katika vibanda vya mabati huko Arua na Koboko, katika West Nile, kaskazini-magharibi ya Uganda. Nayo ni kazi ya kusuka gurudumu la baiskeli na kuzikaza spoki zake. Yamkini msomaji atauliza spoki zimeingiaje katika jarida la utamaduni. Jibu letu ni kwamba utamaduni si ngoma na mashairi peke yake. Kazi za mikono nazo zina fikra zake, na mara nyingi fundi amekwisha kulijibu kwa vidole swali ambalo sisi wenye vitabu bado tunalizunguka kwa maneno.

Kutoka Arua hadi Koboko ni mwendo wa zaidi ya kilomita 50. Koboko iko karibu na mahali zinapokutana nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudani Kusini. Sokoni utasikia Kilugbara, Kikakwa, Kilingala, Kiarabu cha Juba, Kinubi na Kiswahili, na mara nyingi mtu mmoja huzungumza lugha tatu au nne kabla ya kumaliza kununua chumvi. Siku hizi kuna lami, na pikipiki zimeinyang'anya baiskeli sehemu kubwa ya kazi yake. Lakini kabla ya lami kutandazwa katika miaka ya 2010, njia hiyo ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, na mihogo, ufuta na tumbaku ya wakulima wengi ilisafiri juu ya magurudumu mawili. Gurudumu likivunjika kati ya miji hiyo miwili, halikuwa jambo la kuchekesha. Lilikuwa ada ya shule iliyolala njiani.

Gurudumu linavyosimama

Baiskeli ya mizigo tunayoizungumzia ni ile ya fremu ndefu ya chuma, iliyobuniwa Uingereza na baadaye kutengenezwa kwa wingi India na China. Kwa desturi huwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Kila spoki ni waya wenye unene wa milimita 2 hivi. Mtu akiisimamisha moja juu ya meza na kuisukuma kwa kidole kutoka juu, itapinda papo hapo. Basi inakuwaje nyaya dhaifu namna hii zibebe mtu mzima pamoja na gunia la mihogo?

Siri yake ni kwamba spoki haibebi kwa kusukumwa, bali kwa kuvuta. Gurudumu la gari la farasi lilikuwa na miti minene iliyosimama kama nguzo za nyumba. Gurudumu la nyaya lina wazo jingine kabisa, na wazo hilo lilishika njia baada ya Mfaransa Eugène Meyer kulisajili mjini Paris mwaka 1869, na baada ya Mwingereza James Starley, mwaka 1874, kuzilaza spoki zipishane badala ya kuzinyoosha moja kwa moja kutoka katikati. Kila spoki huishika ringi na kuivuta kuelekea kwenye kitovu. Spoki za kulia huvuta kulia, za kushoto huvuta kushoto, na ringi husimama katikati kwa sababu pande zote zinaitaka. Katika gurudumu lililokazwa barabara, spoki moja yaweza kuwa inavuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 80 au 100 zilizoning'inizwa juu yake, hata kabla mtu hajapanda.

Mzigo ukiwekwa, jambo la ajabu hutokea. Wengi hudhani kwamba spoki za juu ndizo zinazoongezewa kazi, kana kwamba kitovu kimetundikwa juu yake. Sivyo. Spoki chache zilizo chini, karibu na ardhi, ndizo zinazopungukiwa mkazo. Nyingine hubaki karibu kama zilivyokuwa. Jobst Brandt, mhandisi wa Marekani, alilieleza jambo hili kwa ufasaha katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu gurudumu la baiskeli. Maana yake ni kwamba gurudumu hulipia mzigo kutoka katika akiba ya mkazo uliowekwa kabla ya safari. Spoki isiyo na mkazo haina cha kutoa. Ikifika chini hulegea kabisa, na mahali hapo ringi haina wa kuizuia isiyumbe upande.

Macho na sikio

Tulipokuwa tukifundisha katika shule moja ya Koboko, tulikuwa na baiskeli ya shule iliyotumika kuleta vitabu na chaki kutoka Arua. Gurudumu lake la nyuma lilipoanza kuyumba, kijana mmoja wa kando ya barabara alilinyoosha kwa muda mfupi, nasi tukamlipa na kumsifu. Kabla ya wiki kwisha, spoki mbili zilikuwa zimekatika. Tukalipeleka Arua kwa mzee mmoja ambaye alijifunza ufundi wake Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, wakati watu wengi wa West Nile walipokuwa wakimbizi baada ya mwaka 1979.

Mzee alitia spoki mbili mpya, akazikaza kidogo, akaipindua baiskeli miguu juu.

"Shikamoo mzee," tulimwambia, "gurudumu hili lilikuwa linakwenda sawa kabisa. Kwa nini linavunja spoki?"

"Marahaba, walimu. Mna chaki?"

Walimu hawakosi chaki mfukoni. Aliishika karibu na ringi, akalizungusha gurudumu. Chaki iligusa kidogo huku na huku, ikaacha alama nyepesi. "Kwa macho," akasema, "limenyooka. Yule kijana hakuwadanganya. Sasa lisikilizeni." Akaanza kuzigusa zile spoki za zamani kwa ukucha, moja baada ya moja, kama mtu anayepiga zeze. Moja ililia sauti ya juu, kali. Iliyofuata ikatoa sauti nzito. Ya tatu haikulia kabisa; ilitikisika tu kama kamba ya nguo. Ya nne ikalia juu kupita ile ya kwanza.

Sauti hiyo si ushirikina. Waya wa urefu uleule na unene uleule ukikazwa mara nne zaidi, idadi ya mitetemo yake huongezeka mara mbili. Kwa hiyo sikio la fundi ni mizani. Nalo lilitwambia ambalo macho yalituficha: gurudumu lilikuwa nyoofu, lakini halikuwa sawa.

Yawezekanaje? Mzee alitueleza. Kijana aliona ringi inaegemea kushoto, akakaza spoki ya kulia iliyokuwa karibu. Ikaitika. Mara ya pili akarudi kwa ileile, kwa sababu alikwisha kujua kwamba inaitika. Zile za jirani hakuzigusa, maana ringi ilikwisha kunyooka, na kazi yake aliihesabu kwa unyoofu. Spoki moja iliyokazwa kupita kiasi yaweza kufanya kazi ya spoki tatu, na ringi isitambue tofauti. Anayeitambua ni ile spoki.

Mmoja wetu, akitaka kuonyesha elimu, alisema, "Ndivyo wahenga walivyonena, mzee: kamba hukatika pabovu."

Mzee alitikisa kichwa. "Hapa, mwalimu, zilizokatika ndizo zilizokuwa zinafanya kazi."

"Basi mbovu ni hizi zilizolegea."

"Hizi nazo si mbovu," akasema, akiigusa ile isiyolia. "Hakuna aliyeziita."

Mwenzetu aliyekazwa

Maneno hayo yalitunyamazisha, kwa sababu muhula uliotangulia tulikuwa tumempoteza mwalimu mwenzetu. Jina lake tutaliacha. Shuleni sote tulimwita Dada. Alifundisha Kiswahili madarasa manne. Alisimamia mabweni ya wasichana, aliongoza kwaya, alitunza funguo za stoo na alipiga kengele asubuhi. Kwa kuwa alikijua Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, kila mzazi aliyekuja na shauri alipelekwa kwake ili amfasirie. Kazi mpya ilipozuka, hatukukaa kikao. Tulisema tu, "Mpeni Dada, yeye hakatai." Nasi tulilisema neno hilo kama sifa.

Wakaguzi walipokuja waliiona shule imenyooka. Ripoti zilikuwa tayari, mabweni safi, watoto wakiimba kwa sauti nne. Tulipongezwa sote. Hatukuwa watu wabaya, na hakuna kati yetu aliyewahi kutamka kwamba punda afe mzigo ufike. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kanda lile tuliliona jepesi kwa sababu halikuwa mgongoni petu.

Siku ya mwisho wa muhula alikuja ofisini na funguo za stoo, daftari la mahudhurio na kengele. Akaviweka mezani kimoja kimoja. Akasema, "Ndugu zangu, sikuchoka na watoto. Nimechoka kusifiwa." Kisha akaondoka, akaiacha kazi ya ualimu, akaenda kuuza vitenge Arua.

Hapana budi tukiri tulilolifanya baadaye. Tulimlaumu. Tulisema ametutupa katikati ya njia, kwamba angetuambia mapema, kwamba mwalimu wa kweli huvumilia. Shule iliyumba, nasi tukaichukua yumba hiyo kuwa ushahidi wa kosa lake. Kumbe ilikuwa ushahidi wa kosa letu. Walikuwapo walimu vijana wawili ambao siku zote tuliwahesabu wavivu. Mmoja wao alipoombwa hatimaye kuongoza kwaya, alionyesha kwamba alipiga kinanda tangu utotoni. Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwa adabu kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza.

Tulipokuwa tumesimama mbele ya lile gurudumu huko Arua, tuliona wazi kwamba tulimfanyia Dada kama yule kijana alivyoifanyia spoki. Kila mara tulirudi kwa yule aliyeitika.

Je, usawa ni kuzungusha spana mara zilezile?

Wazo la kwanza linalomjia mtu baada ya kuiona dhuluma ya namna hii ni rahisi: basi kila spoki ikazwe sawasawa na nyingine, spana izungushwe mara zilezile. Tulimuuliza mzee kama ndivyo. Alicheka. Ringi imekwisha kutembea, akasema. Hapa imebonyea, pale imetanuka. Uzi wa nati hii umeshika mapema, wa ile umechelewa. Zungusha zote mara nne, nawe utapata gurudumu lililoharibika kwa hesabu nzuri.

Sisi wenyewe tulikwisha kulijaribu jambo hilo shuleni. Baada ya Dada kuondoka tuliandika orodha: kila mwalimu majukumu mawili, asizidi asipungue. Ilipendeza ubaoni. Baada ya wiki chache ilidhihirika kwamba mwalimu aliyekuwa mjamzito, na mwingine aliyetembea saa mbili kila asubuhi kufika shuleni, wamelemewa. Na mwingine anayelala hatua 50 kutoka darasani hana habari kama ameongezewa kitu. Hesabu ilikuwa moja, mkazo haukuwa mmoja.

Mwanafalsafa Aristotle aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha maadili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Alitenga usawa wa hesabu, ambao humpa kila mtu kiasi kilekile, na usawa wa uwiano, ambao huangalia hali ya kila mmoja. Akatoa mfano wa waashi wa kisiwa cha Lesbos waliotumia rula ya risasi, madini laini yanayoweza kupindwa yafuate umbo la jiwe. Rula ya namna hiyo yaweza kudhaniwa kuwa haina msimamo. Lakini yeye aliona ndiyo ifaayo pale ambapo mambo hayafanani. Ukucha wa fundi wetu ulikuwa rula ya risasi.

Hata hivyo, uwiano una hatari yake, kwa kuwa kila mwenye kudhulumu aweza kusema kwamba ameangalia hali. Tunahitaji kipimo cha kutenganisha tofauti ya haki na tofauti ya dhuluma. Hapa tena gurudumu latusaidia. Katika baiskeli zenye gia nyingi nyuma, meno ya cheni huchukua nafasi upande wa kulia, hata spoki za upande huo husimama wima zaidi. Ili ringi ibaki katikati, hazina budi kukazwa kuliko za kushoto. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini fundi haioni kuwa kasoro. Haulinganishi mlio wa spoki ya kulia na wa spoki ya kushoto. Hulinganisha ya kulia na ya kulia, ya kushoto na ya kushoto. Walio mahali pamoja wavute pamoja; walio mahali mbalimbali, tofauti yao iwe na sababu inayoonekana na kila mtu.

Kwa kipimo hiki kosa letu lafahamika. Mwalimu mkuu huvuta zaidi kuliko mwalimu mgeni, na hilo si dhuluma, kwa maana ndipo mahali pake. Dada hakukazwa kwa sababu ya mahali alipokaa. Alikazwa kwa sababu alikubali. Kukubali kwake tulikugeuza kuwa cheo kisicho na mshahara.

Wapo watakaotupinga, nao tunawaheshimu. Watasema kwamba uwezo pia ni mahali: aliyejaliwa lugha tatu afasiri, mwenye sauti aimbishe, kumzuia mwenye uwezo ili alingane na asiye nao ni kuipunguza shule. Hoja hii ina ukweli. Ila inasahau mambo mawili. La kwanza, hata spoki nene ina kikomo, na mara nyingi hukatika pale inapopindia kuingia kwenye kitovu, mahali ambapo jicho la mpita njia halifiki. La pili, spoki isiyokazwa haibaki salama eti kwa kuwa imepumzishwa. Nati yake, ikitikiswa na barabara, hujifungua yenyewe kidogo kidogo. Asiyeitwa hupoteza hata ule uwezo aliokuwa nao. Tulipomlimbikizia Dada kazi zote, tuliwadhulumu pia wale vijana wawili.

Ringi iliyopinda

Limebaki swali gumu kuliko yote. Je, ikiwa ringi yenyewe imepinda kwa kuanguka shimoni? Hapo unyoofu na usawa haviwezi kupatikana pamoja. Ukitaka ringi inyooke kwa nguvu za spoki peke yake, baadhi zitakazwa hadi ukingoni na nyingine zitaachwa zimelala. Fundi ana njia tatu. Ya kwanza ni hiyo ya kulazimisha, na gurudumu litaonekana zuri siku ya malipo. Ya pili ni kuzilegeza spoki zote, kuitoa ringi, kuinyoosha peke yake na kuanza kusuka upya. Njia hii ni bora, lakini yataka muda na fedha. Ya tatu ni kuiacha iyumbe kidogo, maadamu haigusi breki.

Mzee aliichagua ya tatu kwa gurudumu letu, kwa kuwa fedha zetu zilikuwa chache. Mmoja wetu hakuridhika na ile yumba. Mzee akamwambia, "Heri liyumbe kidogo likufikishe Koboko, kuliko linyooke hapa likuvunjikie njiani."

Tunaamini kwamba neno hilo linawahusu walimu wa Kiswahili nchini Uganda kuliko wengine. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitoa amri Kiswahili kiwe lugha ya taifa. Spoki iliyokazwa ilikuwa amri. Zilizoachwa zimelegea ni vyuo vya walimu, vitabu, na imani ya raia, ambao wengi walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Kwa nje ringi ilinyooka. Kwa ndani haikuwa na wa kuishika. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo tunaufurahia. Lakini twaomba safari hii tusihesabu kazi kwa unyoofu wa tangazo. Afadhali mwendo wenye kuyumba kidogo, huku mwalimu akisomeshwa, kitabu kikichapwa na mzazi akielezwa, kuliko tangazo nyoofu linalovutwa na mwalimu mmoja mwenye madarasa manane.

Zamu ya chini

Jambo la mwisho alilotuonyesha mzee ni kwamba gurudumu halihukumiwi likiwa limesimama. Mtu akipanda baiskeli iliyosimama, kisha mwingine akazigusa spoki, zile za chini zitasikika zimelegea. Si kwamba zimeacha kazi. Ndizo zilizo juu ya ardhi saa hiyo, na mzigo wote umepita kwao. Zungusha nusu mzunguko, na nyingine zitakuwa mahali pale.

Watu wa West Nile wanalijua hili bila kufundishwa. Baada ya mwaka 1979, na hasa kuanzia 1980, maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Sudani na Zaire, wakala chakula cha wenyeji wao na kulima mashamba yasiyo yao hadi waliporudi katika miaka iliyofuata. Tangu mwaka 2016 vita vya Sudani Kusini viliwaleta watu wa huko upande huu. Katika wilaya jirani ya Yumbe ilifunguliwa kambi ya Bidi Bidi, mojawapo ya makazi makubwa kabisa ya wakimbizi duniani, na huko Lobule, wilayani Koboko, walikwisha kupokewa wakimbizi kutoka Kongo. Hatusemi kwamba ukarimu huo hauna maumivu. Kuni zimepungua, mashamba ni yaleyale, na mwenyeji naye huchoka. Tunalosema ni kwamba anayemwona mkimbizi na kumwita mzigo, anaihukumu spoki ya chini kwa saa moja ya mzunguko. Haki ya gurudumu si kwamba hakuna anayefika chini. Ni kwamba hakuna anayeachwa chini, na kwamba kila moja, zamu yake ikifika, huikuta akiba ya mkazo iliyowekwa na zote.

Mzee alipomaliza kukaza alizishika spoki mbili mbili kwa viganja na kuzibana kwa nguvu. Zikatoa milio midogo, kila moja ikikaa mahali pake. Akazikagua tena kwa ukucha. Akatwambia tumrudishie gurudumu baada ya wiki moja, kwa sababu mkazo uliowekwa leo hushuka kidogo spoki zikizoea njia. Usawa, basi, hauwekwi mara moja ukaachwa. Hurudiwa.

Tangu hapo, kila mwanzo wa muhula tumejaribu kufanya kama alivyofanya. Hatuulizi kwanza kama shule imenyooka. Tunamuuliza kila mwalimu, mmoja mmoja, na faragha, anabeba nini na nani hakuulizwa muhula uliopita. Si rahisi, kwani wenye kuitika hupenda kuitika, nasi hupenda wanapoitika. Tunawaachia wasomaji, hasa walimu wakuu na viongozi wa vyama vyetu, walijaribu swali hilo katika vikao vyao.

Mwaka uliofuata tulikwenda Arua kununua vitabu, tukapita sokoni kwa Dada ili kumwomba radhi. Alitupokea vizuri, akatukalisha kwenye benchi, akatuagizia chai. Tulipokwisha kusema tuliyokuja kuyasema, alikunja kitenge alichokuwa nacho mkononi, akauliza, "Kengele siku hizi anapiga nani?"

Tukamjibu kwamba tunapiga kwa zamu.

"Inalia kwa wakati?"

Tulimwambia kweli. Mara nyingine huchelewa dakika mbili tatu.